Muhuri wa Ubao na Ulinzi wa Nchi

Mtu anayeteremka kutoka kilima cha Muyenga kuelekea reli hufika Namuwongo, mtaa wa watu wengi ulio kusini-mashariki ya jiji la Kampala. Upande mmoja wa reli zimebanana nyumba za wananchi, kuelekea kinamasi kinachopokea maji ya mfereji wa Nakivubo. Upande wa pili yamesimama maghala na karakana za Eneo la Viwanda. Malori huingia katika maghala hayo yakiwa yamebeba makontena yaliyoshushwa bandarini Mombasa, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapo. Bidhaa hutolewa, huhesabiwa na kupelekwa madukani. Kinachobaki uani ni mbao: makasha yaliyovunjwa, mapaleti, na vipande vizito vilivyokuwa vimekazwa kuzuia mashine zisiteleze safarini.

Mbao hizo hazitupwi. Huvuka reli. Fundi seremala huzinunua akazigeuza vitanda, meza za sokoni na mabanda ya kuku. Mama mwenye kupika chakula cha kuuza hununua vile vipande vilivyovunjika akavifanya kuni. Hiyo ni riziki ya halali, na hakuna mwenye haki ya kuibeza. Lakini juu ya baadhi ya mbao hizo mtu mwenye macho makini huona alama iliyochomwa kwa chuma cha moto au kupigwa kwa wino. Pana suke la ngano, pana herufi za IPPC, pana herufi mbili za jina la nchi, pana nambari, na mwisho pana herufi nyingine mbili. Wengi hudhani kwamba ni alama ya kiwanda tu. Sivyo. Hiyo ni alama ya karantini, na maana yake inamhusu mwanajeshi na polisi kuliko wengi wao wanavyofikiri.

Kila askari anajua maana ya neno la siri langoni. Mgeni akifika usiku, mlinzi hamwulizi habari za mavazi yake wala ukubwa wa gari lake, humwuliza neno. Akilijua hupita, asipolijua husimama. Suke la ngano juu ya ubao ni neno la siri la namna hiyo. Ubao ulio nalo unasema kwamba ulikwisha kutakaswa kabla ya kuondoka ulikotoka. Ubao usio nalo ni mgeni aliyenyamaza alipoulizwa.

Alama hiyo imetokana na kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea, mkataba ambao wenyewe ulifikiwa mwaka 1951 chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Kanuni hiyo hujulikana kwa nambari 15. Inasema kwamba mbao mbichi zinazotumika kufungia mizigo ya biashara baina ya nchi na nchi lazima ziambuliwe magome, kisha zitibiwe ili wadudu na magonjwa yaliyomo yafe. Njia iliyozoeleka ni joto: ubao hutiwa katika tanuri hadi kiini chake kifikie digrii 56 za Selsiasi, na joto hilo lisishuke kwa dakika 30 mfululizo. Ubao huo hupewa herufi HT. Njia ya pili ni kuufukiza kwa gesi ya methili bromidi, na herufi zake ni MB. Herufi mbili za mwanzo hutaja nchi: UG ni Uganda, KE ni Kenya, CN ni China, IN ni India. Nambari inayofuata humtaja aliyetibu ubao huo, ili pakitokea kosa ajulikane wa kuulizwa.

Kanuni haikusahau hila za binadamu. Muhuri hauruhusiwi kuandikwa kwa mkono. Lazima usomeke, usifutike, usibanduke, na uonekane angalau pande mbili zinazoelekeana za kasha au paleti. Rangi nyekundu na ya machungwa zinatakiwa kuepukwa, kwa sababu hizo ni rangi za kutahadharisha juu ya mizigo ya hatari. Kwa upande mwingine, kanuni haimwonei mtu. Ubao mwembamba usiozidi milimita 6, mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi na joto, unga wa mbao na nyuzi za mbao haviguswi nayo, kwa kuwa mdudu hapati maskani humo. Askari asiyejua tofauti hiyo anaweza kumzuia mwagizaji mwaminifu bure na kumpitisha mdanganyifu kwa heshima.

Pengine atatokea wa kuuliza: kwa nini dunia nzima ihangaike juu ya ubao wa kasha? Jibu limo katika historia, na sehemu ya historia hiyo ni ya majeshi.

Mwaka 1887 jeshi la Italia lilikuwa limeshika bandari ya Massawa katika Bahari ya Shamu. Ng'ombe waliletwa kwa meli kulisha askari, na pamoja nao ukaingia ugonjwa wa sotoka. Hakuna aliyepiga risasi hata moja kuulinda mpaka dhidi ya ugonjwa huo. Sotoka ilishuka kusini kupitia Uhabeshi, ikapita katika malisho ya Ankole na ya Wamaasai kabla mwaka 1892 haujafika, na mwaka 1896 ikawa imevuka mto Zambezi na kuendelea kusini. Ng'ombe walikufa kwa mamilioni, na wafugaji waliokuwa matajiri wakawa ombaomba. Dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa mwaka 2011, yaani zaidi ya miaka 120 tangu meli zile zishushe mifugo.

Mfano wa pili unagusa mbao zenyewe. Katika Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Marekani yaliposhuka kusini mwa Ulaya yaliletewa risasi katika makasha ya mbao. Wataalamu wa magonjwa ya miti wanaamini kwamba baadhi ya makasha yale yalitengenezwa kwa mti ulioambukizwa kuvu mmoja unaoua miti ya aina ya mplatani. Vita ilikwisha mwaka 1945, risasi zikatumika, askari wakarudi makwao, lakini kuvu ile haikurudi. Iliendelea kuua miti nchini Italia na Ufaransa, na mwaka 2006 ikagunduliwa kwenye mfereji mashuhuri wa Canal du Midi kusini mwa Ufaransa, ambao kingo zake zilikuwa na miti hiyo ipatayo 42,000. Tangu hapo miti kwa maelfu na maelfu imekatwa na kuchomwa moto. Wale walioyapakua makasha walikuwa mashujaa waliokuja kuikomboa Ulaya. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini ubao hauulizi nia ya aliyeubeba.

Katika zama hizi za makontena hatari hiyo imeongezeka mara nyingi. Kontena la kwanza la mtindo wa sasa lilisafiri Marekani tarehe 26 Aprili 1956, meli ya Ideal-X ilipotoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Kabla ya hapo mizigo ilishushwa gunia kwa gunia, na macho mengi yaliiona. Kontena huja limefungwa, na lililomo huonekana mara mbili tu, siku ya kulijaza na siku ya kulifungua. Mwaka 1996 katika mji wa New York iligunduliwa kwamba miti ya mitaani ilikuwa ikiliwa na mbawakawa mwenye pembe ndefu kutoka Asia. Mwaka 1998 akaonekana Chicago. Alikuwa amesafiri ndani ya mbao za kufungia bidhaa kutoka China. Maelfu ya miti ilikatwa. Mwaka huo huo wa 1998 serikali ya Marekani ikaamuru kwamba mbao za mizigo kutoka China zitibiwe kwanza, na miaka minne baadaye ikaja ile kanuni ya dunia nzima.

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki hawana haja ya kwenda New York kutafuta ushahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa Tabora nchini Tanzania walianza kuona mahindi yao ghalani yakigeuka unga kabla ya kufika kinuni. Mdudu huyo alikuwa mgeni kutoka Amerika ya Kati, na mwaka 1981 wataalamu walikuwa wamekwisha kumtambua. Wananchi walimwita dumuzi, na wengine wakampa jina la Scania, lori kubwa la wakati ule, kwa jinsi alivyokuwa akibeba mavuno. Mwaka 1983 alikuwa amekwisha kuingia Kenya kwa upande wa Taveta. Dumuzi hali mahindi na muhogo mkavu tu. Hutoboa pia mbao, na aweza kuishi katika nguzo za ghala baada ya nafaka kwisha. Mkulima aliyefagia ghala lake vizuri na kutia mavuno mapya alimkuta adui yule yule akimsubiri ukutani.

Hapa Uganda kahawa ndiyo fedha ya kigeni ya mkulima. Mwaka 1993 katika wilaya ya Bundibugyo alionekana mbawakawa mdogo sana mweusi, asiyefikia ukubwa wa punje ya mchele, anayetoboa vijiti vya mbuni. Asili yake ni Asia. Jike hutoboa tundu dogo, huingia, na kupanda humo kuvu ya kulisha watoto wake. Kijiti kikakauka pamoja na kahawa iliyokuwa juu yake. Kutoka Bundibugyo alienea hadi mashamba ya Uganda ya kati. Na mwaka 2017 serikali ilithibitisha kwamba kiwavijeshi wa kutoka Amerika, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameonekana Afrika Magharibi, ameingia katika mahindi ya nchi hii. Kila mmoja wa maadui hao alikuja kwa njia yake. Jambo linalowaunganisha ni moja: hakuna hata mmoja aliyetolewa nje ya nchi baada ya kuingia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa wadudu wa namna hii hata ukuta wa kujenga haupo tena.

Sasa ni vema kueleza karatasi zenyewe, kwa sababu askari wengi huoneshwa mafungu ya karatasi langoni wakaona haya kuuliza kila moja ni ya kazi gani.

Karatasi za kontena ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa biashara na kodi: hati ya shehena inayotolewa na meli, ankara ya muuzaji, orodha ya vifurushi, na tamko la forodha linalopokewa na Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Karatasi hizi husema mali ni ya nani, ni kiasi gani na kodi yake imelipwa au sivyo. Hazisemi lolote juu ya afya ya mbao. Ukoo wa pili ni wa karantini: kibali cha kuingiza mimea au mazao, kinachoombwa kabla mzigo haujaondoka ulikotoka, cheti cha afya ya mimea, kinachotolewa na serikali ya nchi ya muuzaji, wala si na muuzaji mwenyewe, na cheti cha ufukizaji, kinachotaja gesi iliyotumika, kipimo chake, muda na tarehe. Kwa Uganda mwenye dhamana ya ukoo huu wa pili ni Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi yenye makao yake Entebbe, kupitia wakaguzi wake wa mimea, kwa nguvu za Sheria ya Ulinzi na Afya ya Mimea ya mwaka 2015.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Mtu anaweza kuagiza injini za magari. Injini si mmea, haihitaji cheti cha afya ya mimea, na karatasi zake za forodha zikawa safi kabisa. Lakini injini hizo zimelazwa juu ya mapaleti ya mbao. Kwa mapaleti hayo cheti ni ule muhuri wenyewe, uliochomwa juu ya ubao. Kwa hiyo mwenye kukagua karatasi mezani bila kuinama kutazama mbao hajakagua. Mzigo wa vigae, wa vioo, wa mawe ya kupambia nyumba au wa mitambo, ambao kwa jina hauhusiani na shamba, ndio mara nyingi huja juu ya mbao nzito na za bei rahisi, zenye magome na matundu.

Zipo dalili ambazo hata asiye mtaalamu aweza kuziona. Gome lililobaki kwa upana juu ya ubao ni dalili. Matundu ya mviringo yenye unga mpya chini yake ni dalili kubwa zaidi, kwa maana unga mpya ni kazi ya mdudu aliye hai. Muhuri usiosomeka, muhuri wa kuchorwa kwa kalamu, au nambari ya lakiri isiyolingana na ile ya karatasini, yote hayo ni dalili. Vile vile majani makavu, nyasi na magunia yaliyokwisha kutumika, ambayo watu huyatia katikati ya vyombo visivunjike, hubeba mbegu za magugu, wadudu na udongo; na udongo ni nyumba ya magonjwa. Mahali pa vitu hivyo pana karatasi iliyokunjwa, maboksi ya kadibodi na plastiki, ambavyo havina hatari hiyo.

Zamani ilidhaniwa kwamba mpaka utatosha. Malori yalisimama Malaba na Busia, yakafunguliwa, yakakaguliwa. Tangu mwaka 2014 nchi za Afrika Mashariki zimekuwa na Himaya Moja ya Forodha. Tamko hutolewa na kodi hulipwa kabla mzigo haujaondoka Mombasa, lakiri hupigwa, na safari ya kontena hufuatiliwa kwa mitambo ya elektroniki hadi Kampala. Mpango huo ni mzuri. Umepunguza siku za safari na umewanyima riziki walanguzi waliokuwa wakifungua mizigo njiani. Hata hivyo una jambo moja la kuangaliwa. Lakiri hueleza kwamba mlango haukufunguliwa na mwizi. Haielezi ni nini kilichokuwa ndani wakati mlango ulipofungwa. Kontena linalofika bila kufunguliwa njiani hufunguliwa mara ya kwanza katika ua wa ghala, hatua chache kutoka Namuwongo. Na anayesimama mlangoni wakati huo, mara nyingi, ni mlinzi au polisi. Kwa maana hiyo mpaka wa Uganda haupo Malaba peke yake. Siku ile mpaka uko mbele ya buti za askari huyo.

Na hapo lazima lisemwe jambo la uhai wa askari mwenyewe. Kontena lililofukizwa linaweza kuwa bado na gesi. Methili bromidi haina rangi, na kwa kawaida haina harufu ya kumwonya mtu. Fosfini, gesi itokanayo na vidonge vinavyotiwa katika nafaka, pengine hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini pua si kipimo. Aweza mtu asisikie harufu yoyote na gesi ikawa ya kutosha kumwua. Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika na kubanwa kifua ni dalili zake, na nyingine huja baada ya saa kadhaa, mtu akiwa amekwisha kurudi kambini. Kwa ajili hiyo kontena lililofukizwa hutakiwa kubandikwa mlangoni tangazo la hatari lenye picha ya fuvu, jina la gesi na tarehe. Tangazo hilo si pambo. Askari anayetafuta silaha au mali ya magendo, akaruka ndani ya kontena mara mlango unapofunguka ili mtuhumiwa asipate nafasi ya kuficha kitu, anaweza kuwa ameingia kaburini kwa miguu yake. Yafaa asome mlango kwanza, adai cheti cha ufukizaji, asimame kando milango ikifunguliwa, aache hewa ipite, na asiingie mpaka mwenye kifaa cha kupimia gesi amesema ndiyo. Mtuhumiwa aliyezingirwa hatoroki kwa sababu ya kungojea hewa.

Hayo yanawahusu hata wanajeshi kwa mizigo yao wenyewe. Tangu Machi 2007 askari wa Uganda wamehudumu Somalia, na vifaa vya vikosi vimekwenda na kurudi kwa meli, kwa ndege na kwa barabara. Shehena ya jeshi ina siri zake na ni haki ilindwe isiangaliwe na kila mtu. Lakini mbawakawa hatambui vyeo, wala kuvu haipigi saluti. Kasha la risasi lisilotibiwa ni hatari sawasawa na kasha la vigae. Ofisa wa ugavi anayehakikisha kwamba makasha ya kikosi chake yana muhuri, kwamba magari yanayorudi yameoshwa udongo wote katika magurudumu, na kwamba mkaguzi wa mimea ameitwa mapema kwa utaratibu unaolinda siri, huyo anailinda nchi kama yule aliye mstari wa mbele. Asiyefanya hivyo hana budi kuyakumbuka makasha yaliyoingia Ulaya na kesi ambayo miti ya Ufaransa ingali ikiilipia.

Limebaki suala la rushwa. Karatasi ikiwa na kasoro, mwagizaji huambiwa kwamba mzigo utafukizwa kwa gharama yake, au utarudishwa, au mbao zake zitachomwa. Siku za kungoja huongezeka, na kila siku ina ada ya kontena. Ndipo hutokea mtu mwenye maneno laini, akamwambia askari wa lango kwamba kasoro yenyewe ni ndogo, ni mbao tu, hakuna bunduki ndani. Askari anayepokea bahasha kwa kisingizio hicho hujiona amemsaidia mfanyabiashara bila kumdhuru mtu. Hesabu yake si sahihi. Wanaodhurika hawapo langoni. Yupo mkulima wa kahawa asiyejua hata jina la ghala hilo, na pengine mkulima huyo ni mzazi wa askari mwenyewe. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Lakini pana kosa la upande wa pili, na polisi wa mitaa ya Kampala wanapaswa kulikwepa kwa uangalifu mkubwa. Sheria isipofanya kazi langoni, hutokea kishawishi cha kuifanyia kazi mtaani. Ni rahisi kuvuka reli, kuingia Namuwongo, kubomoa meza za mafundi na kuchukua mbao zao kwa jina la karantini. Kufanya hivyo ni kumwadhibu asiyetia saini karatasi yoyote. Fundi hakuagiza kontena. Hakupewa hati ya shehena. Alinunua ubao uliotoka getini mbele ya macho ya walinzi. Tena, wakati ubao mbichi umefika katika banda lake, mdudu aliyekuwamo amekwisha kupata nafasi ya kuruka. Kumkamata fundi wakati huo ni sawa na kumpekua mwenye nyumba baada ya mwizi kwenda zake.

Fundi ahitaji kuelezwa, si kutishwa. Akiona ubao wenye matundu na unga mpya, au mdudu asiyemfahamu, amjulishe ofisa wa kilimo wa manispaa, na asiogope kwamba taarifa yake itageuzwa mashitaka. Mbao za namna hiyo zichomwe mapema, zisikae miezi zikingoja mnunuzi. Na wako mafundi wanaokarabati mapaleti yaliyovunjika na kuyauza tena kwa wenye viwanda. Hao waelewe kwamba wakipigilia ubao mpya usiotibiwa juu ya paleti yenye muhuri wa zamani, wameufanya muhuri ule kuwa uongo. Paleti hiyo ikibeba kahawa au bidhaa nyingine ya Uganda kwenda ng'ambo, mzigo mzima waweza kuzuiwa bandarini kwa watu, na jina litakaloharibika ni la Uganda. Karantini ni njia ya kwenda na kurudi. Nchi inayodai muhuri kwa wengine lazima iuheshimu muhuri wake yenyewe.

Kwa ufupi, kazi ya kila mmoja inajulikana. Mwagizaji adai muhuri kwa muuzaji wake kabla mzigo haujapakiwa, maana huko ndiko gharama ilipo ndogo. Wakala wa forodha aandike ukweli juu ya mbao zilizotumika. Mkaguzi wa mimea aende kwenye ua, asitosheke na meza. Mwanajeshi na polisi si wakaguzi wa mimea na hawatakiwi kujifanya wakaguzi. Hawana ruhusa ya kukata lakiri ya forodha kwa amri yao wenyewe, wala ya kutoza faini. Kazi yao ni ile ile wanayoijua tangu siku ya kwanza ya mafunzo: kutazama, kutambua, kuzuia, na kumwita mwenye mamlaka. Ubao usio na muhuri usitoke getini mpaka mkaguzi amekuja. Hilo likifanyika, kazi imekwisha.

Jioni, wakati garimoshi la mizigo likipita polepole pembeni ya Namuwongo, mafundi hufunga mabanda yao na moto wa jikoni huwashwa kwa mbao zilizovuka bahari. Kuni hizo zikiwa zimetoka katika ubao wenye suke la ngano, mdudu aliyekuwamo alikufa zamani katika tanuri la nchi ya mbali. Zikiwa zimetoka katika ubao mtupu, hakuna ajuaye nini kiliruka kabla ya moto kuwashwa. Kati ya ubao wa kwanza na wa pili alisimama askari mmoja langoni, mchana, akiwa na nafasi ya kuinama na kutazama. Nchi inamtaka ainame.